Akida, Ngome na Mji: Utii Uliogawanyika katika Ushairi wa Mvita

Mwezi wa Januari 1875, manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga mizinga Ngome ya Mombasa. Aliyekuwamo ndani hakuwa adui aliyetoka ng'ambo. Alikuwa akida wa Sultani mwenyewe, Muhammad bin Abdallah bin Mbarak Bakhashweini, ambaye kazi yake ilikuwa kuilinda Ngome hiyo kwa jina la Seyyid Barghash bin Said wa Unguja. Alijisalimisha, akaondolewa Mombasa, na cheo chake kikageuka kuwa jina lake. Hadi leo anayetajwa ni "Al-Akida", kana kwamba hakupata kuwako akida mwingine. Mambo yake yalitungiwa utendi na Abdallah bin Masud bin Salim al-Mazrui. Utendi huo, pamoja na nyimbo na mashairi ya wakati ule, ulihifadhiwa na Mbarak Ali Hinawy katika kitabu kilichotolewa mwaka 1950 na kupigwa chapa tena mwaka 1970.

Wanahistoria wamekwisha kuuliza maswali yao juu ya kisa hiki: nani alimchokoza nani, Waingereza waliingiliaje, na nguvu ya Sultani juu ya Mwambao ilikuwa na kina gani. Makala haya yana swali jingine, nalo ni la mhakiki. Je, ushairi wa Mvita ulikuwa na njia gani ya kumsawiri mtu ambaye utii wake umegawanyika, mtu anayedaiwa na bwana wa jana na bwana wa leo kwa wakati mmoja? Na je, mtunzi mwenyewe, ambaye naye alikuwa na bwana wa jana, angeweza kumsema mtu huyo bila ya kujisema?

Tunauliza hivi kwa sababu uhakiki wetu una mazoea mabaya katika jambo hili. Tangu miaka ya 1970 tumezoea kuwapanga watunzi wa kale katika mafungu mawili: wazalendo waliompinga mgeni, na vibaraka waliomsifu mtawala. Muyaka bin Haji huwekwa katika fungu la kwanza, na wengi wa waliomfuata husukumwa katika la pili. Mpango huo ni mwepesi kufundishia darasani. Lakini kwa mji ambao kati ya 1593, Wareno walipoanza kuijenga Ngome, na 1963, bendera ya Sultani iliposhushwa, ulipita mikononi mwa mabwana wengi kiasi kile, kuuliza tu "alikuwa upande gani?" ni kuuliza nusu ya swali.

Tuanze nyuma kidogo, maana kisa cha 1875 kina babu yake. Katika miaka ya 1740 liwali wa Mombasa alikuwa Muhammad bin Uthman al-Mazrui, aliyewekwa na maimamu wa Kiyaarubi wa Omani. Ukoo huo ulipoanguka na Ahmad bin Said al-Busaidi kutwaa uimamu, Muhammad alikataa kumtambua. Masimulizi ya Mombasa, yaani ile tarikh ya Kiarabu ambayo nahodha Owen alipata nakala yake mwaka 1824, na baadaye kitabu cha Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui kuhusu ukoo wake, yanamsawiri Muhammad akitoa hoja wala si akipiga kelele. Ahmad, kwa hoja hiyo, alikuwa liwali kama yeye. Kama liwali wa Sohar anaweza kujitwalia Omani, nini kinamzuia liwali wa Mombasa kujitwalia Mombasa? Kiapo kilikuwa cha Yaarubi, na Yaarubi hawapo tena.

Hoja hiyo ni ya mwanasheria, na ina ncha mbili. Upande mmoja ni uaminifu kwa bwana aliyetoweka: mimi niliapa kwa fulani, sikuapa kwako. Upande wa pili ni uhuru uliovaa joho la uaminifu, kwa sababu bwana asiyekuwapo hadai kodi wala hatumi barua. Masimulizi hayatuambii ni upande upi uliokuwa moyoni mwa Muhammad, na hapo ndipo yanapokaribia kuwa fasihi. Muhammad aliuawa ndani ya Ngome na watu waliotumwa na Imamu mpya, waliokuja kwa sura ya urafiki. Ndugu yake Ali alitoroka kifungoni akairejesha Ngome, na Mazrui wakaitawala Mombasa hadi 1837. Nasaba yote ya utawala wa Mazrui, basi, imejengwa juu ya jibu moja la swali la bwana wa jana. Jibu hilo liliwafaa kwa karibu miaka 100. Kisha likawageukia.

Muyaka aliishi katika jibu hilo. Inasemwa mara nyingi kwamba aliutoa ushairi msikitini akauingiza sokoni, na kauli hiyo ina ukweli wake, ingawa imerudiwa hadi imechakaa. La muhimu hapa ni kwamba katika mashairi yake ya vita, dhidi ya Lamu na dhidi ya Seyyid Said, nafsineni huwa haina shaka na upande wake. Mji, mtawala na Ngome ni kitu kimoja. Ubeti wa mistari minne yenye mizani kumi na sita unampa nafasi ya kupandisha sauti, kutia kejeli, kisha kufunga kwa pigo. Umbo hilo lapenda majibizano: Muyaka wa Mvita anasema, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu anajibu. Kila mmoja ana mji mmoja na neno moja.

Lakini Muyaka hakufa 1837. Huenda alifikia 1840, na kwa hiyo aliuona mwaka ambao baadhi ya wakuu wa Thelatha Taifa, kwa ugomvi wao na Rashid bin Salim, walimkaribisha Seyyid Said, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupakiwa chomboni wasirudi tena. Mshairi aliyeimba umoja wa mji na mtawala wake alikuwapo mji ulipogawanyika. Alisema nini? Hapa mhakiki anashikwa na tamaa. Katika diwani yamo mashairi mengi ya rafiki aliyegeuka na ahadi iliyovunjwa, na ni rahisi kuyachukua yote na kusema: haya ndiyo mashairi ya 1837, rafiki ni taifa fulani, mpenzi ni Ngome. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wakifanya hivyo kwa ufundi wa kupendeza. Nadhani ni makosa. Mashairi hayo hayakutufikia yakiwa na tarehe. Yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa ajili ya W. E. Taylor, yakachapishwa na Hichens mwaka 1940 na kuchambuliwa upya na Abdulaziz mwaka 1979. Maelezo ya "shairi hili lilitungwa wakati gani" ni kumbukumbu za watu waliokuwa wakiishi tayari chini ya Busaidi. Wao nao walikuwa na sababu za kukumbuka hivi na kusahau vile. Afadhali tuseme kwamba Muyaka alikuwa na lugha timamu ya usaliti baina ya watu wawili, na kwamba lugha hiyo ilikuwa tayari kutumika kwa siasa atakapotaka msikilizaji. Kuandika ufunguo wa kila fumbo si kazi yetu.

Sasa tumrudie Akida. Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunga fundo, mzizi ule ule uliotupa akdi ya ndoa na akida ya dini, yaani itikadi. Akida wa askari ni mtu wa agano, aliyefungwa na anayefunga. Sidai kwamba mtunzi alicheza na maana hizo. Nasema tu kwamba alipokuwa akilitaja jina la mhusika wake alikuwa akilitaja fundo, na kisa kizima ni cha kufunguka kwa fundo hilo.

Baada ya 1837 Seyyid Said, na baada yake Majid aliyetawala Unguja kuanzia 1856 hadi 1870, hawakumwachia mtu mmoja Mombasa yote. Liwali alikuwa mjini, akiamua mambo ya raia na kuongea na wakuu wa Mataifa Kumi na Mawili. Akida alikuwa Ngomeni na askari wake. Ulikuwa mpango wa hekima kwa mtawala anayekaa mbali, kwani kila mmoja ni jicho juu ya mwenziwe. Kwa wanaokaa karibu ulikuwa mpango wa balaa. Wapwani wana methali yao: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kiini cha kisa cha utendi ni ugomvi wa manahodha hawa wawili, Akida na Liwali, wote watumishi wa bwana mmoja, kila mmoja akidai kwamba mwenziwe ndiye anayemwendea bwana kinyume.

Tazama sasa tatizo la kifani analokutana nalo mtunzi. Utendi wa vita katika Kiswahili una jadi kongwe, tangu Chuo cha Herekali cha 1728 kilichotungwa Pate. Jadi hiyo inajua kumsawiri shujaa mwenye utii mmoja. Yuko upande wa Mtume, mbele yake yuko kafiri, na shaka haina mahali pa kukaa. Hata mjumbe na barua, ambazo ni vifaa vikuu vya tendi hizo, huwa na kazi moja tu: kumwita adui kwenye haki, adui akatae, vita vianze. Katika kisa cha Akida vifaa ni vile vile lakini vimepoteza nanga. Pande zote mbili ni Waislamu. Pande zote mbili zinadai kumtumikia Sultani huyo huyo. Na wanaokuja mwishoni kulitatua jambo kwa mizinga ni manowari za Wakristo, zikifanya kazi ya Sultani. Ukitumia mizani ya Herekali, nani hapa ni nani? Hilo ni swali ambalo umbo lenyewe linamuuliza mtunzi, apende asipende.

Katika tamthilia ya Shakespeare mtu wa namna hii hupewa dakika ya kusema peke yake. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Brutus kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Juliasi Kaizari iliyotoka 1963. Anatembea usiku, anapima upendo wake kwa Kaizari na wajibu wake kwa Roma, nasi tunasikia. Enobarbus, askari anayemwacha jemadari wake Antony, naye hupewa nafasi ya kufa akijilaumu. Utendi hauna usemi wa faragha wa aina hiyo, au unao kwa uchache sana. Mistari mitatu inafungana kwa kina chake, wa nne unarudi kwenye kina cha utendi mzima, mizani nane na nane. Kila baada ya pumzi fupi sauti hurudi nyumbani. Mhusika hapati muda wa kuyumba kwa sababu kina cha mwisho humkamata na kumrejesha katika hadithi ya wote. Wako waliouona huu kuwa upungufu wa utendi. Mimi nauona kuwa ni namna nyingine ya kuhukumu: mgawanyiko hauonyeshwi ndani ya nafsi, huonyeshwa katika nafasi baina ya watu, katika barua inayochelewa, mwito unaoitikiwa nusu, lango linalofungwa. Anayetaka kujua moyo wa Akida asiutafute katika maneno ya Akida. Autazame mwendo wake baina ya Ngome na bahari.

Lipo jambo moja ambalo hadhira ya kwanza ya utendi huu haikuhitaji kuelezwa. Seyyid Barghash, ambaye kwa jina lake Akida anaambiwa tii, mwenyewe aliwahi kukataa kutii. Mwaka 1859 alisimama dhidi ya ndugu yake Majid, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa Bombay. Miaka 16 baadaye anamtaka mtumishi wake atii, na Waingereza wale wale wanamsaidia yeye. Mombasa ilikuwa na watu wengi waliokumbuka yote mawili. Somo la utii likitolewa kwa jina la mtu kama huyo, haliwezi kusikika kama linavyosikika kwa jina la Mtume. Sifa anazopewa Sultani katika tungo za wakati ule tuzisome kwa sikio hilo, bila ya kuharakisha kuziita unafiki. Sifa ilikuwa ni ada ya umbo, kama dua ya mwanzo. Uzito wake hujulikana kwa kinachowekwa kando yake.

Na mtunzi je? Abdallah bin Masud ni Mazrui. Ukoo wake ulipokonywa Ngome ile ile mwaka 1837, na huko Gasi Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali wa mwisho wa Mazrui, alikuwa bado hajakubali kwamba mambo yamekwisha. Angeendelea kuasi hadi 1896, alipovuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani. Kwa hiyo anayesimulia kuvunjika kwa utii wa mtumishi wa Busaidi ni mtu wa nyumba iliyovunjwa na Busaidi. Ungetazamia mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni kicheko: mmeiweka mbwa langoni, sasa imewauma. La pili ni huruma kwa muasi, kwa kuwa adui wa adui ni rafiki. Nijuavyo mimi, thamani ya kazi hii iko katika kutokuwa kicheko kitupu wala huruma tupu. Kwa Mazrui, Akida hakuwa mkombozi. Alikuwa mgeni aliyekalia kiti chao. Lakini wala Sultani hakuwa bwana wao wa asili. Mtunzi anasimama mahali ambapo hakuna upande wa kwake, na mahali hapo panampa uwezo wa kuona ambao Muyaka, kwa kusimama kwake imara, hakuuhitaji.

Hapa natofautiana na wale wanaoona kwamba ushairi wa Mvita ulishuka baada ya Muyaka kwa sababu ulikosa hamasa. Hamasa ilipungua, ni kweli. Kilichokuja badala yake ni kitu kigumu zaidi: uwezo wa kusimulia ugomvi wa mabwana bila ya kuwa mali ya hata mmoja wao. Linganisha na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga juu ya vita vya Wadachi vya 1888 na 1889 katika Mrima. Hemedi ana adui aliye wazi, na utendi wake unapata nguvu ya Herekali bila shida. Hata hivyo, Sultani aliyeikodisha pwani kwa Wajerumani yumo katika utata wa kisa chake, na kila anapokaribiwa, sauti hubadilika. Mtunzi wa Mvita hakuwa na Mdachi wa kumwokoa na utata.

Kuna pingamizi ambalo sina budi kulikabili. Wahakiki wa mrengo wa kijamaa watasema: haya yote ni magomvi ya mabwana. Liwali, Akida, Sultani na mtunzi wa ukoo mkubwa, wote wamekula meza moja. Mtumwa aliyebeba maji ya Ngome yuko wapi? Mdigo na Mgiriama waliolisha mji wako wapi? Na utii gani huu tunaoupamba, ilhali askari wa Ngome walikuwa Waarabu wa Hadhramauti na Wabulushi waliolipwa mshahara? Mtumikie kafiri upate mradi wako, ndiyo methali yao, wala si kiapo. Pingamizi hili ni la haki kwa sehemu kubwa, na sina la kusema juu ya mtumwa wa Ngome ila kwamba kimya juu yake ni kimya cha tungo zote za daraja hili, na lazima kitajwe kila zinaposomwa. Juu ya mshahara nasita. Mshahara hauondoi swali la utii, unaliongezea makali. Askari anayelipwa na Sultani lakini anayeamriwa na Akida kila asubuhi, amri zikipingana, anamtii nani? Anayemlipa yuko Unguja. Anayemwona yuko mbele yake. Akida mwenyewe aliyaishi haya kwa kiwango cha juu, na watu wake waliyaishi kwa kiwango cha chini. Kama utendi hauwapi majina, angalau mantiki ya kisa inawahesabu, kwa kuwa bila wao Ngome isingeweza kufungwa kwa saa moja.

Limebaki la Hinawy, nalo kwa maoni yangu halijapewa uzito wake. Kwa kawaida humchukulia kama mhifadhi, tukamshukuru, tukapita. Lakini tazama alichofanya. Jina la kitabu chake limewaweka Akida na Ngome pamoja kama wahusika wawili walio sawa, na maelezo yaliyoongezwa chini yake yanaahidi maisha ya mtu mmoja pamoja na nyimbo na mashairi ya wakati wake. Wala Sultani hamo katika jina hilo, wala Waingereza. Hii ni kazi ya mtu aliyekuwa Liwali wa Pwani, mtumishi wa Sultani wa Unguja kwa jina na wa serikali ya Kiingereza kwa utendaji, chini ya mapatano ya 1895 yaliyoufanya Mwambao kuwa nchi ya bendera mbili. Mtu mwenye cheo cha yule aliyekuwa hasimu wa Akida ndiye, miaka 75 baadaye, aliyekusanya nyimbo za Akida. Hakumtetea. Wala hakumlaani. Alimpa utangulizi, akampa matini, akampa tafsiri ya Kiingereza, akamwachia msomaji.

Inafaa pia kukumbuka Ngome ilikuwa nini wakati huo. Haikuwa bado makumbusho. Hayo yangekuja mwaka 1960. Tangu 1895 ilikuwa jela. Msomaji wa kwanza wa kitabu hicho mwaka 1950, kama alikaa Mji wa Kale, aliweza kukifunga, akashuka Ndia Kuu hadi mwisho, akaiona Ngome ile ile: juu yake bendera nyekundu ya Sultani, ndani yake wafungwa wa serikali ya Kiingereza.